Joji Maana Yake Mkulima



Mwezi Aprili nilisimama mbele ya dirisha la ofisi moja ya umma mjini Ifakara nikiwa na bahasha ya kaki mkononi. Masika ilikuwa imekolea, barabara za mitaani zimekuwa vijito, na kila aliyeingia ofisini aliingia na tope lake. Ndani ya bahasha mlikuwa na karatasi nne za marehemu baba yangu: cheti cha ubatizo, hati ya hakimiliki ya kimila ya shamba lake, cheti cha kifo, na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa kijiji. Familia ilikuwa imenituma kuanza taratibu za mirathi, ili shamba la ekari nne aliloliacha liandikwe majina ya mama na dada yangu, ambao ndio wanaolilima.

Karani alikuwa kijana mwenye adabu. Aliniamkia, akazipanga karatasi zangu mezani kama mtu apangaye karata, akazitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole: "Mwalimu, hapa kuna watu watatu."

"Na wote watatu wamefariki siku moja?" nikamuuliza. Hakucheka, wala sikumlaumu, kwa maana karatasi zilimpa haki. Cheti cha ubatizo, kilichonakiliwa kutoka katika kitabu cha zamani cha misheni kilichoandikwa kwa Kilatini, kilisema *Georgius*. Hati ya shamba ilisema *Joji*, kama kijiji kizima kilivyomwita kwa zaidi ya miaka sabini. Cheti cha kifo kilisema *George*, kwa sababu aliyekijaza alisoma shule na alijua jina hilo linavyoandikwa kwa Kiingereza. Jambo moja tu lilikuwa na uhakika: cheti cha kifo na barua ya mtendaji, mahali palipoulizwa kazi ya marehemu, vyote viliandika neno moja, Mkulima.

Nilirudi nyumbani siku ile bila muhuri. Njiani nilianza kucheka peke yangu, kwa kuwa nilikumbuka jambo ambalo nilijifunza chuoni zamani na ambalo sikuwahi kumwambia baba alipokuwa hai. Jina lile lililokuwa likitusumbua kwa tahajia tatu lina maana moja tu, nayo ndiyo ile iliyoandikwa kwenye nafasi ya kazi. Joji maana yake mkulima. Serikali ilikuwa imemwandika baba yangu "Mkulima, kazi yake mkulima," kisha ikasema haimtambui.

Asili ya jina ni Kigiriki. *Georgios* limetokana na *georgos*, neno la kawaida kabisa la Kigiriki la kumtaja mkulima, nalo limeundwa kwa maneno mawili: *ge*, yaani ardhi, na *ergon*, yaani kazi. Georgos ni mtu ambaye kazi yake ni ardhi. Wanafunzi wangu wanaosoma jiografia na jiolojia wamekuwa wakibeba nusu ya jina la baba yangu mabegani mwao bila kujua. Wagiriki hawakuliona neno hili kuwa duni. Pale Athene walimwita mungu wao mkuu kwa sifa hiyo, Zeus Georgos, Zeus Mkulima. Mshairi wa Kirumi Virgil, aliyekamilisha mnamo mwaka 29 K.K. shairi refu juu ya kulima nafaka, mizabibu, mifugo na nyuki, aliliita *Georgica*, yaani mambo ya mkulima. Aliliandika katika nchi ambayo wakulima wengi walikuwa wamenyang'anywa mashamba ili wagawiwe askari waliorudi vitani. Hata Injili ya Yohana, katika sura ya 15, Yesu anapojifananisha na mzabibu, humfananisha Baba yake na mkulima, na neno la Kigiriki lililotumika hapo ni hilo hilo, georgos. Kwa hiyo Mkristo wa Ifakara anayemdharau mkulima afahamu anamdharau nani.

Jina likatoka shambani likaenda jeshini. Mapokeo ya Kanisa yanamtaja askari aitwaye Georgios, aliyeuawa kwa imani yake huko Lydda, Palestina, mwanzoni mwa karne ya 4, wakati wa mateso yaliyoanzishwa na mfalme Diocletian. Habari za joka na binti mfalme ziliongezwa karne nyingi baadaye. Sifa za shahidi huyo zilipoenea, kila taifa lililolipokea jina lake lililitafuna kwa meno yake: Warusi wakapata Yuri, Wahispania Jorge, Wapolandi Jerzy, Waarabu Wakristo Jirjis na Jurji, Wahabeshi Giyorgis. Hakuna aliyesema kwamba Yuri ni Georgios aliyekosewa. Kwa nini basi Joji wa bonde la Kilombero aonekane kosa la tahajia?

Najua wapo watakaoniambia kwamba jina hili ni la wazungu, na kwamba dawa ni kulitupa. Hoja hiyo naiheshimu, ila historia haiiungi mkono kikamilifu. Katika karne ya 9, katika ufalme wa Kikristo wa Makuria, kwenye Sudan ya leo, alikuwako mwana wa mfalme aitwaye Georgios aliyesafiri hadi Baghdad kuzungumza na khalifa juu ya mkataba wa nchi zao. Kanisa la Bete Giyorgis, lililochongwa kwa umbo la msalaba ndani ya mwamba mmoja huko Lalibela, lilikuwapo karne nyingi kabla ya Mjerumani wa kwanza kukanyaga Bagamoyo. Na Wahabeshi walipowashinda Waitalia pale Adwa, tarehe 1 Machi 1896, kwa kalenda yao siku hiyo ilikuwa ya 23 ya mwezi, ambayo ni siku ya Giyorgis. Afrika ililijua jina hili mapema. Sisi wa bondeni ndio tuliolipata kwa kuchelewa na kwa njia ya kuzunguka.

Njia hiyo naifahamu. Wabenediktini wa Kijerumani walifungua misheni ya Kwiro, karibu na Mahenge, mwaka 1902. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, kuanzia mwaka 1921, Wakapuchini wa Uswisi waliichukua kazi hiyo, na Ifakara ikawa mojawapo ya vituo vyao vikubwa. Baba yangu alizaliwa mwaka 1944 wakati wa masika. Bibi alijifungulia kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo ambamo watu wa bondeni huishi msimu wote wa kulinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe na viboko, maji ya mto yakipita chini ya sakafu. Maji yalipopungua kidogo alipakiwa kwenye mtumbwi akapelekwa misheni. Sikukuu ya Mtakatifu Joji ni tarehe 23 Aprili, na mapadri wa enzi zile walipenda kuchagua jina kwa kuitazama kalenda. Padri alilitamka kwa Kijerumani na kuliandika kwa Kilatini. Mwalimu wa shule akalitamka kwa Kiingereza. Kijiji kikasikiliza pande zote mbili, kikaamua Joji.

Hakuna aliyewaeleza babu na bibi maana yake. Hilo ndilo linalonisikitisha kuliko tahajia. Wazee wetu hawakuzoea kumpa mtoto jina lisilosema kitu. Nchi hii imejaa watu walioitwa Masika, Mavuno, Shida na Tabu, na kila jina lilikuwa taarifa fupi ya hali ya nyumba siku mtoto alipofika. Mtoto aliyezaliwa juu ya dungu katikati ya mpunga aliitwa Mkulima, na ni jina ambalo babu mwenyewe angeweza kulichagua, lakini alilipokea kama sauti tupu ya kigeni. Bonde lilipewa jina lake lenyewe katika lugha ambayo halikuielewa.

Wala wakulima Waislamu wa bonde hili wasidhani kwamba hadithi hii ni ya jirani zao tu. Kiarabu kina jina Harith, lenye maana ya mlimaji, na mapokeo ya Mtume yanalitaja Harith pamoja na Hammam kuwa majina yaliyo ya kweli zaidi. Mzizi huo huo umo katika jina la ukoo wa Al-Harthi, uliomtoa Abushiri bin Salim, aliyewaongoza watu wa pwani kuwapinga Wajerumani mwaka 1888. Lugha mbili kubwa zilizotuletea dini ziliona kwamba mkulima ni jina la heshima la kumpa mtoto. Je, sisi tumelifanya nini neno hilo katika lugha yetu?

Tuanze na watawala. Vita vya Maji Maji vilianza Umatumbi mwezi Julai 1905 kwa watu kung'oa pamba waliyolazimishwa kulima. Kabla ya Agosti kwisha, Wapogoro na Wambunga walikuwa wamelishambulia boma la Mahenge. Wajerumani walijibu kwa kuchoma vijiji na maghala, na njaa ikamaliza walichokiacha bunduki. Kwa Mjerumani, mkulima alikuwa mikono miwili ya kuzalisha pamba. Mwingereza alikuja na utaratibu wa adabu zaidi. Alitoza kodi ya kichwa, na kodi ililipwa kwa shilingi, na shilingi ya Afrika Mashariki wakati baba anazaliwa ilikuwa na kichwa cha mfalme upande mmoja na simba upande wa pili. Mfalme huyo aliitwa George wa Sita, na jina lake lilichongwa kwenye fedha kwa Kilatini, *Georgivs*. Aliyemtangulia katika jina, George wa Tatu, alitaniwa na Waingereza wenyewe kuwa Joji Mkulima kwa sababu ya kupenda mashamba. Itafakari picha hiyo, msomaji. Babu yangu aliuza mpunga ili apate sarafu yenye sura ya mtu aitwaye Mkulima, aipeleke bomani, aruhusiwe kuendelea kuwa mkulima.

Baada ya uhuru tulijaribu kusahihisha. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliitangaza nchi kuwa ya wakulima na wafanyakazi. Jembe liliwekwa pamoja na nyundo kwenye bendera ya chama, na wakulima wakapewa siku yao ya taifa, ambayo leo tunaiadhimisha tarehe 8 Agosti. Mwaka huo huo wa 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, uliotaka kila shule iwe na shamba ili mtoto ajifunze kuiheshimu kazi ya wazazi wake. Nia ilikuwa njema. Lakini sisi tuliosoma katika shule hizo tunakumbuka jembe lilivyotumika. Aliyechelewa alilima, aliyepiga kelele alilima, aliyefeli hesabu alilima hatua ishirini. Aliyefaulu alikaa kivulini kusoma. Baada ya miaka saba ya somo hilo, hakuna mtoto aliyehitaji kuelezwa kulima ni nini. Kulima ilikuwa adhabu, na wazazi wetu walikuwa watu waliofungwa maisha.

Mimi nililielewa somo hilo vizuri kuliko wengi. Nilipochaguliwa kwenda chuo nilipewa fomu yenye nafasi ya kujaza kazi ya mzazi. Niliandika Mfanyabiashara. Nilijitetea moyoni kwamba baba huuza magunia mawili matatu ya mpunga kila mwaka, na kuuza ni biashara. Nilisahau kwamba fomu ilipaswa kwenda kwa mtendaji kugongwa muhuri, na kwamba baba ndiye angeipeleka. Aliisoma njiani. Jioni alinirudishia, muhuri ukiwa tayari, akaniambia: "Umeandika vizuri, mwanangu. Ila hiyo biashara mimi sijaiona." Hakusema zaidi, wala hakulirudia mpaka anakufa. Alilima mpunga akauza magunia yale yale, akanisomesha kwa fedha za kazi niliyoifuta kwa kalamu.

Nalieleza jambo hili hadharani kwa sababu najua si langu peke yangu. Kila mwaka nawauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza wazazi wao hufanya kazi gani. Wapo wanaosema "wapo tu nyumbani." Ninapodadisi, nakuta huko nyumbani kuna ekari za mpunga, mahindi, au miwa inayopelekwa kiwanda cha sukari cha Kilombero. Mzazi anayeamka saa kumi alfajiri yupo tu nyumbani!

Na dharau ya mdomoni haiishii mdomoni. Huhamia kwenye sera. Tazama maneno tunayotumia kwa watu wanaofanya kazi moja katika bonde moja. Shamba la mpunga la Mngeta, lenye hekta 5,818, lilipoingia katika ubia wa kampuni mwaka 2008, aliyelima pale aliitwa mwekezaji. Jirani yake mwenye ekari nne aliitwa mkulima mdogo, kana kwamba udogo ni sehemu ya kazi yake. Mwingine, ambaye shamba lake liliangukia ndani ya mipaka ya uhifadhi, alilala mkulima akaamka mvamizi. Wote watatu ni georgos. Wote hungoja mvua ile ile na hulaani ndege wale wale. Lakini mwekezaji huitwa mkutanoni, mkulima mdogo huelimishwa, na mvamizi huondolewa.

Nisieleweke vibaya. Sipingi uhifadhi. Bonde la Kilombero liliingizwa mwaka 2002 katika orodha ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa chini ya Mkataba wa Ramsar, na kwa haki. Humo ndimo anamoishi sheshe, swala ambaye ni nadra kumwona kwingine nchini, na humo ndimo inamopita sehemu kubwa ya maji ya Mto Rufiji, ambayo leo yanaendesha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere. Anayelima hadi ukingoni mwa mto anakata tawi alilokalia yeye na sisi sote. Ninachopinga ni kumhamisha mtu kwa neno kabla ya kumhamisha kwa sheria. Mkulima ana haki ya kusikilizwa, kupewa notisi, kulipwa fidia. Mvamizi hana chochote. Kwa hiyo anayechagua neno la kuandika kwenye ripoti amekwisha kutoa hukumu kabla ya baraza kukaa.

Vivyo hivyo kwenye vyeti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inaipa hakimiliki ya kimila hadhi sawa na hati zinazotolewa mijini, na inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Kuanzia mwaka 2016 wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi zilikuwa mahali pa programu kubwa ya kupima na kumilikisha ardhi ya vijiji. Familia nyingi zikapata kwa mara ya kwanza karatasi yenye jina lao, baba yangu akiwa mmojawapo. Aliikunja ndani ya mfuko wa nailoni akaifungia sandukuni pamoja na rozari. Hilo ni jambo jema sana na wahusika wanastahili shukrani.

Lakini karatasi ina nguvu sawa na jina lililomo tu. Hati ya baba iliandikwa jina lake peke yake, ingawa fomu iliruhusu kuandika wenza wawili. Hakuna aliyemkataza mama. Hakuna aliyemuuliza. Katika karatasi zake yeye mwenyewe, pale penye kazi, ameandikwa Mama wa Nyumbani. Mama yangu amepanda mpunga, amepalilia, ameamia ndege, amevuna na kupiga mpunga kwa misimu zaidi ya hamsini. Kama nyumba yake ni ile ekari nne isiyo na paa, basi ni kweli ni mama wa nyumbani. Sasa mume amefariki, jina la mume linabishaniwa, na yeye mwenyewe kwa mujibu wa kumbukumbu za serikali hajawahi kulima. Hivyo ndivyo shamba linavyoweza kutoka mikononi mwa mjane bila mtu yeyote kuwa mwizi. Inatosha herufi tatu kutofautiana, shemeji mmoja awe na haraka, na mnunuzi mmoja awe na fedha taslimu.

Kwa hiyo nina maombi machache, nayo nayaelekeza kwa makundi matatu ambayo najua yananisoma hapa.

Kwa watumishi wa umma: Joji, George, Georgi na Georgius ni jina moja, kama vile Yohana, Johane na John ni moja, na Petro na Peter ni moja. Sisemi mpokee kila karatasi kwa macho yaliyofumbwa, kwa sababu wapo matapeli na mnawajua kuliko mimi. Nasema mwenyekiti wa kitongoji na majirani wawili wa mpaka wa shamba wanamfahamu marehemu kuliko tahajia inavyomfahamu. Wasikilizeni kwanza, kabla ya kumpeleka mjane kutafuta kiapo mjini kwa nauli ya magunia. Mwandikishaji mwenyewe ndiye aliyebadilisha herufi. Si haki gharama ya kuzisahihisha ibebwe na aliyeandikwa. Na mnapojaza nafasi ya kazi ya mwanamke wa kijijini, muulizeni amevuna nini mwaka huu kabla ya kuandika kwamba yupo nyumbani.

Kwa wanaharakati: mmefanya kazi kubwa ya kufundisha sheria ya ardhi, na naiona matunda yake. Ongezeni somo moja dogo. Kila familia ikusanye vyeti vyake mezani wakati mwenye jina yu hai, ilinganishe herufi, na isahihishe pamoja naye. Mzee akiwapo, kosa la jina humalizwa na barua moja ya mtendaji. Akishaondoka, huwa kesi.

Kwa wanafunzi wangu: andikeni Mkulima. Mtakapopewa fomu ya mkopo, ya ajira au ya ndoa, andikeni kwa herufi kubwa na mwandiko unaosomeka. Siwaambii kwamba ukulima ni mtamu, kwa kuwa atakayewaambia hivyo hajawahi kuuza mpunga kwa gunia la lumbesa kwa bei aliyoipanga mwenye lori. Wala siwaambii mrudi nyote shambani. Nasema kwamba mtu akiona aibu kutamka kazi ya baba yake, hawezi kuidai bei ya haki ya kazi hiyo. Na nchi ambayo wasomi wake wote ni watoto wa wafanyabiashara wasioonekana haiwezi kuwa na sera ya kilimo, kwa kuwa haina wakulima.

Juma lililofuata nilirudi kwenye dirisha lile, safari hii pamoja na mama, dada yangu na mwenyekiti wa kitongoji. Karani alitupokea vizuri, hata akamletea mama kiti. Alitushauri tuape kiapo, na tukaapa. Kinasema kwamba Georgius, George na Joji walikuwa mtu mmoja, kwamba mtu huyo alimiliki shamba lile, na kwamba alilima pamoja na mke wake. Kwenye nafasi ya kazi ya marehemu niliandika kwa mkono wangu mwenyewe, taratibu, neno ambalo nilipaswa kuliandika nilipokuwa kijana wa miaka ishirini. Nikavuta karatasi ya mama nikaandika neno hilo hilo.

Nilipokuwa naandika nikamweleza mama maana ya jina la mumewe, kwamba kwa Kigiriki ni mkulima. Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza kama padri aliyembatiza alilijua hilo. Nikasema bila shaka alilijua, kwa maana mapadri wale walisoma Kigiriki. "Angesema," mama akajibu.

Tumeambiwa turudi baada ya wiki tatu kuona kama faili limepita. Mama amekataa tarehe hiyo. Mpunga utakuwa umeanza kuiva, na ndege, anasema, hawangoji muhuri wa mtu.